Mgeni Niliyemwalika Ramadhani

Nilifundisha bara miaka sita, na miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kuudhi. Chai ikiletwa, nasema kwetu Tanga chai hutiwa iliki. Nikipewa chungwa, nasema hilo ndimu, machungwa yako Muheza. Walimu wenzangu wakanibandika jina la Balozi. Nilijifanya silitaki, kumbe nalipenda.

Katika miaka ile ya hamsini nikahamishiwa nyumbani, kufundisha kijijini Kigombe, na hapo ubalozi ukawa kazi kweli. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja, ndiye mimi. Ofisini mjini waliniambia wazi: asipopatikana mwalimu wa pili, darasa jipya halitafunguliwa. Kila aliyeulizwa alikataa. Pwani, walisema, ni joto, mbu na uvivu. Maneno hayo yaliniuma hasa.

Nikamwandikia rafiki yangu tuliyefundisha naye bara, Mshambaa, Mlutheri wa milimani, mtu mbishi asiyeamini mpaka aone. Nikamsifia samaki wa kupaka, wali wa nazi na ukarimu wetu. Akajibu kwamba atakuja siku moja tu, atazame, ndipo aseme ndiyo au hapana. Akataja tarehe. Nikatazama kalenda ya ukutani, nikamwandikia karibu. Mwezi wa mbinguni sikuuhesabu.

Aliteremka kwenye basi saa sita mchana, siku ya tatu ya Ramadhani.

Kijiji kizima kilikuwa kimya, moshi hauonekani popote, na wanaume wamejilaza barazani midomo mikavu. Mgeni akanusa hewa.

"Balozi, hao samaki wako wamekwenda wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamweleza, naye kwa uungwana wake akasema, "Basi leo na mimi nitafunga nanyi."

Mama yangu alikuwa ndani, akasikia. Akatoka amejifunga kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ufunge nini wewe? U msafiri, na dini yako si hii. Utakula." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtu mzima na ndevu zako, waalika wageni mwezi huujui!"

Akawasha moto mwenyewe, na saumu yake. Akapika muhogo wa nazi na samaki, harufu ikajaa ua mzima, mimi nikakimbilia nje nisiinuse. Mama hakukimbia. Mgeni haachwi akala peke yake, kwa hiyo alikaa mkekani karibu naye akimpepea na kumfukuzia nzi, huku akimuuliza habari za mama yake mpaka sahani ikawa tupu.

Nikamsihi angoje futari, akasema basi la kurudi halimngoji mtu. Nikamsindikiza njiani kwa unyonge, nikihesabu darasa limekwenda.

"Nisamehe," nikamwambia. "Njoo tena mfungo ukiisha, ule chakula cha kweli."

Akacheka mpaka akasimama. "Chakula kile, ndugu yangu, kilikuwa chumvi tupu! Nimekunywa maji kata nne. Lakini mama wa watu ana njaa na kiu, ananipepea nile, nitaachaje hata tonge moja? Waambie ofisini nakuja."

Basi lilipoondoka nilirudi nyumbani karibu nikimbie, mwalimu mzima. Magharibi, mama alifuturu kwa tende, kisha akachota kidogo kilichobaki chunguni. Alipotia mdomoni akafumba macho.

"Yarabi! Mchana sikuonja, nimechelea saumu yangu. Na yule mtoto amekula haya?"

"Yote, mama. Na amekubali kuja kufundisha."

Akacheka, akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Mwandikie barua kesho asubuhi," akasema. "Mwambie asitafute nyumba. Atakaa hapa kwangu."