Alama za Nta Kwenye Injini

Rafiki, wewe nakuamini, ndiyo maana nakueleza hili. Pikapu ya marehemu mume wangu ilikaa miaka sita nyuma ya nyumba, Mtendeni, kuku wakitagia ndani. Nikaamua ifufuliwe, inipeleke kazini Isikizya kila siku.

Fundi wa Gongoni sikumwamini. Nilishasikia mafundi wanang'oa vifaa vizuri na kukuwekea vibovu. Kwetu dumu la asali likizibwa kwa nta, mtu hafungui usijue. Basi kabla sijampelekea, nikabandika msalaba mdogo wa nta kwenye kila kifaa cha injini. Jioni, kabla ya masomo yangu ya usiku, nilipita gereji, nikakaa na rozari huku namwangalia mikono.

Siku alipoiwasha, ilinguruma vizuri karibu nusu saa. Alipoizima nikachungulia. Hapakuwa na msalaba hata mmoja.

Nikasema mbele ya wateja wake, "Wewe ni mwizi. Nilitia alama za nta kwenye vifaa vyangu. Ziko wapi?"

Akafuta mikono taratibu. "Mama, mshumaa wa kanisani kwenu ukiwashwa, unabaki?"

Watu wakacheka. Nikainama tena, nikaona nta imechuruzika hadi chini.

Nikamwomba radhi palepale, mbele ya walewale. Pikapu inanipeleka kazini mpaka leo, na fundi ni yuleyule, ingawa siku hizi alama nachora kwa msumari. Ukimjua mama ambaye gari lake liko gereji, tafadhali msimulie haya kabla hajamwita mtu mwizi.