Rangi Juu ya Kutu

Rangi haipakwi juu ya kutu. Kanuni hiyo fundi Msasa aliishika miaka ishirini na sita ya kunyoosha bodi za magari, na hakuivunja kwa ajili ya mteja yeyote. Mwalimu mmoja mstaafu alimletea gari siku mbili kabla ya harusi ya binti yake, akitaka ling'ae tu. Msasa akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Limeoza hili, mwalimu. Bati zima hulia. Hili limenyamaza."

"Nipakie hivyo hivyo, fundi. Ni la siku moja tu."

"Basi kawatafute wanaopamba maiti."

Mtu mwenye msimamo wa namna hiyo ungedhani anajiheshimu na mwenyewe. Wapi! Mwili wake aliuendesha kama gari la kuazima. Soda nne kwa siku, ya kwanza kabla hajanawa uso. Tumbo lilitangulia kuingia gereji, yeye akafuata. Nyayo zilipoanza kumwaka moto, alimeza vidonge vya maumivu kama anayetafuna njugu, akajisifu kwamba ni mvumilivu. Uzembe una majina mengi mazuri.

Mkewe, ambaye kubembeleza hakukujua, alimburuta kwa tabibu. Sukari ilikutwa juu sana.

"Sukari ikijaa damuni," tabibu alimwambia, "inazalisha chembe kali za oksijeni. Zinakula neva zako kama kutu inavyokula bati."

"Unanifundisha mimi habari za kutu?"

"Nakukumbusha. Mwilini kuna kemikali zinaitwa kinini, na vipo vipokezi vyake. Vichukulie kama kengele za maumivu. Kuna kengele ya siku zote, kila mtu anayo. Nyingine mtu mwenye afya karibu hana. Mwili huiweka pale penye jeraha, au penye kutu hiyo ya sukari. Kutu inaleta kengele, kengele ikilia inaongeza kutu. Ndiyo maana unaungua."

"Sasa si uzikate waya?"

"Watafiti wanahangaika nazo. Mimi sina dawa hiyo hapa. Nilicho nacho ni kukwangua kutu: acha soda, tembea, meza dawa za sukari. Na nyayo zako zikague kila siku, hata zisipouma."

Msasa aliitikia kwa kichwa. Kichwa huitikia mengi. Soda akazipunguza, kutoka nne kubwa hadi nne ndogo. Dawa za sukari zilikaa juu ya kabati zikisubiri augue.

Mwaka haujaisha, moto wa nyayo ukazimika wenyewe. Msasa akatangaza ushindi gereji nzima, akawanunulia mafundi wenzake soda, naye akanywa mbili.

"Kengele zimenyamaza!" alimwambia mkewe jioni.

"Baba watoto, kengele ya mlango ikinyamaza, huenda mwizi keshakata waya. Vua soksi nione."

"Mguu wangu mimi ndiye fundi wake."

Fundi huyo aliyejua kwamba bati lililooza halilii hakuugonga mguu wake hata mara moja. Angeugonga, angesikia kimya kile kile alichomkatalia mwalimu. Neva hazikuwa zimepona. Zilikuwa zimekufa.

Siku moja alikuwa akichomelea fremu, amevaa kandambili, kinyume cha sheria ya gereji aliyoiandika mwenyewe ukutani. Mteja aliyesimama karibu akakunja pua.

"Fundi, unachoma nini?"

"Bati."

"Bati gani linanuka nyama?"

Cheche ya chuma ilikuwa imekaa juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, ikijichimbia shimo taratibu. Msasa aliipangusa kama inzi. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomfurahisha. Kidonda akakivika soksi mpya nyeupe, kila baada ya siku moja, kwa wiki tatu, mkewe asijue. Siri hiyo harufu ndiyo iliyoivujisha, tena mezani, mbele ya wakwe.

Mkewe alimburuta tena kwa tabibu, naye alipoivua ile soksi akamwandikia rufaa ya upasuaji.

Vidole vitatu vya mguu wa kushoto, kikiwemo kile gumba, vilikatwa.