Kifungo cha Koti la Msimamizi

Juzi binti yangu alinigombeza mbele ya wajukuu kwa sababu nilikuwa nashona shati huku vifungo nimeviweka mdomoni. "Mama, utavimeza!" Nilicheka hadi nikakaribia kuvimeza kweli. Mwenzangu, mimi nilishameza kifungo zamani, na sijutii.

Ilikuwa Mnyuzi, enzi za Mjerumani, tulipokaa kando ya reli. Baba alikuwa kibarua wa reli, na mama alifua na kushona nguo za msimamizi wao, Mzungu mmoja mwenye kufoka. Uwanja wetu ulikuwa mchanga mtupu. Kitu kikidondoka humo, hukioni tena. Kwa hiyo mama aliposhona, kikopo chake kilikuwa mimi. Vifungo nilivishika mdomoni, nikampa kimoja kimoja. Vilikuwa vya shaba, vichungu, na kwa nyuma vilikuwa na kikonyo cha waya.

Siku moja mama akishona vifungo vya koti la msimamizi, mwenyewe akapita. Sheria yake ilikuwa kila mtu asimame amwamkie. Mama alisimama, akaamkia. Mimi nilisimama mdomo nimeufumba, maana kifungo cha mwisho kilikuwa bado ndani.

"Huyu mtoto hana adabu? Amkia!"

Nikafumbua mdomo niseme shikamoo. Kifungo kikashuka, na shikamoo ikashuka nacho.

Mama alipiga yowe, akaeleza. Yule bwana hakuuliza hata kama napumua. Alisema kesho kutwa koti liwe na vifungo vyote, la sivyo baba atalazwa chini apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano.

Bibi, mama yake baba, akateleka chungu cha mlenda. Nikalishwa ugali na mlenda asubuhi, mchana na jioni. Tumbo lilinichoma, na mama alilia, kwa kuwa aliogopa kunipoteza mimi na kuuona mgongo wa baba ukichanika. Bibi hakulia.

"Mlenda haushindwi na mwiba wa samaki, sembuse kifungo cha huyu!"

Asubuhi ya kesho kutwa kikatoka. Mama alitaka kukisugua kwa majivu, bibi akamshika mkono. "Suuza tu, mwanangu. Inatosha." Kikashonwa juu kabisa, karibu na kidevu cha mwenyewe.

Jioni akapita amelivaa koti lake. "Amkia!" Nilikitazama kile kifungo, nikafumba mdomo. Mama alinifinya. Msimamizi akanizaba kofi. Sikulia, wala sikuamkia.

Nyumba yetu sasa ni kichaka. Bibi hayupo, mama hayupo, na baba tulimzika mgongo wake hauna kovu. Wajukuu wanaukataa mlenda, eti unateleza. Nawaambia ndiyo kazi yake. Shikamoo nimewapa wengi, wakubwa waliostahili. Yule bwana kifungo chake alikipata. Shikamoo yake ninayo mimi hadi leo.