Mafaili ya Siku ya Kupamba

Kazi yangu ni kupiga video kwenye sherehe za wanawake. Chumba changu cha kazi kiko Kisauni, juu ya duka la vitambaa, na mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu kwamba wanaume hawaingii. Wako wanaocheka wakiyasoma maandishi hayo. Na wacheke. Anayejua siku ya kupamba hapa kwetu hacheki. Wanawake hukusanyika ukumbini kumtazama bibi harusi aliyepambwa, mabuibui huvuliwa, simu huachwa mlangoni ndani ya kapu, na humo ndani ni nywele, mabega na dhahabu tupu. Kamera inayoruhusiwa ni yangu peke yake. Ndiyo maana kila mama kabla hajanipa kazi huniapisha: mwanamume asiione, nakala ninayompa iwe moja, na nikisema nimefuta, iwe nimefuta kweli.

Niliapa na nikatimiza. Sikuweka nakala kwenye diski ya pembeni, kwa kuwa diski huibwa. Video zilikaa kwenye kompyuta na kwenye klaudi, ile hifadhi ya mtandaoni, ambako hufuatana na kompyuta: ukigusa faili huku, na kule linabadilika. Klaudi ina hisani yake. Ukibadilisha faili, lile la zamani hulificha pembeni kwa muda, endapo utajuta. Mimi niliona hisani hiyo ni umbea. Nikaigawa kila harusi mafungu mawili. Ukumbi, sinia za halua na wageni wanaoingia na mabuibui yao, hayo niliyaacha yakae kama kawaida. Lakini kuanzia bibi harusi anapofunuliwa, niliyatia kwenye kasha la siri, na kasha hilo nililizima lisikumbuke faili lolote la zamani. Nilijivuna kwa hilo, na nilikuwa nikiwasimulia wateja wangu.

Mama mmoja wa Jomvu Kuu aliwahi kupanda ngazi zangu akiwa bado na huzuni ya msiba usoni. Binti yake, ambaye nilimpiga video ya kupamba, alikuwa amefariki akijifungua. Mtoto wa kike alipona. Yule mama alifungua ngumi, ndani mna flashi niliyompa baada ya harusi.

"Mwanangu," aliniambia, "nyumbani mwangu waume tele, waingia watoka. Nami siwezi kuitazama sasa, roho yangu haijaweza. Iponde hii. Ile iliyoko kwako iweke. Mtoto akipata fahamu nitakuja naye, amuone mamake."

"Hana picha nyingine, mama?"

"Iko ya kitambulisho. Nani amecheka kwenye picha ya kitambulisho? Mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Simu yake imejaa picha za vyakula."

Niliiponda flashi mbele yake kwa kisigino cha kiatu. Nikamwambia wallahi nitaiweka.

Basi siku moja ikaja barua pepe ya mtu aliyetaka kupigiwa video ya harusi huko Nyali, na ameambatanisha mchoro wa ukumbi. Harusi za Nyali sizikatai. Niliufungua mchoro, kumbe hakuna mchoro. Niliporudi kutoka kutia chai, majina ya mafaili yangu yalikuwa yanageuka moja moja kuwa herufi zisizosomeka, na kioo chote kikawa cheusi, kimeandikwa Kiingereza kibovu: nilipe, ndipo nipewe ufunguo wa kufungulia. Nilichomoa waya ukutani kwa hasira hadi soketi ikaning'inia. Haikusaidia kitu. Yaliyofungwa kwenye kompyuta yalikuwa yamekwisha panda klaudi na kukalia mahali pa yale mazima.

Niliwatukana watu wale matusi ambayo kwayo marehemu mama yangu angenizaba kofi. Kisha simu zikaanza. Wateja hawakuuliza kama video zitapatikana, waliuliza kama zimeonekana. Nilipowaambia kwamba wezi wa aina hii hufunga tu, hawana haja ya kutazama, walimshukuru Mungu. Mmoja alisema afadhali zife. Nilichukia shukrani yao, ingawa nilijua wana haki nayo.

Yule mama wa Jomvu Kuu hakupiga simu kwa kuwa hakuwa na habari. Nilimwendea mwenyewe, na hapo barazani kwake nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Hakuna wa kuzitafuta?"

Nilizunguka kutafuta fundi wa kike, nikamkosa. Nikaelekezwa kwa mwanamume mmoja Changamwe, mtu wa bara mwenye karakana karibu na maghala, ambako malori yakipita vikombe hutetemeka mezani. Alinikataza kulipa, kwa sababu wengi hulipa na ufunguo hawapewi. Aliisafisha kompyuta yangu yote, akaiwekea mambo upya, ndipo akaingia klaudi kuyadai mafaili ya zamani. Baada ya siku kadhaa akaniletea habari. Yako yaliyorudi, si yote, na yamerudi bila majina. Lazima yafunguliwe moja moja ijulikane ni nini.

Alikuja Kisauni na kompyuta begani. Alipofika mlangoni alisoma maandishi yangu mekundu, akasimama nje.

Mama wa Jomvu Kuu alikuwa amekwisha fika, mjukuu wake mapajani akitafuna ncha ya buibui la bibi. Tulitazamana. Kuingia mwanamume ni kuvunja kiapo, na bila yeye sijui hata nibonyeze wapi.

"Mama, mimi nitawapa mgongo," fundi alisema huko huko nje. "Nitatazama ukuta. Huyu dada atabonyeza, mimi nitamwelekeza kwa mdomo."

"Pita, baba," mama alimjibu. "Mungu akuweke."

Basi tukafanya kazi hivyo, yeye kaketi kiti cha plastiki uso ukutani, mimi na mama mbele ya kompyuta. Aliniambia pa kubonyeza, nikabonyeza. Aliuliza tunaona nini, nikamwambia: viti. Halua. Mlango. Harusi za watu wengine, mabuibui meusi yakiingia. Mafaili mengine yalifunguka kijivu, hayana kitu. Mama alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto bila kujua, na alikuwa akiuminya.

Kisha moja likafunguka kwa vigelegele, na yule mtoto akacheka.

Ulikuwa ukumbi wa Jomvu. Somo wa bibi harusi, yule kungwi wake, alitangulia, mashangazi huku na huku, na katikati yao bibi harusi mwenyewe, amefunikwa leso ya kijani kuanzia kichwani hadi magotini. Iliyoonekana ni miguu tu, yenye hina.

"Ndiye," mama alisema. "Waona avyochechemea? Viatu vilimbana, nami nilimwambia."

Walimpandisha jukwaani polepole, wakamkalisha. Mimi nilikuwa naikumbuka video hiyo vizuri. Nilijua kwamba sasa leso itafunuliwa, na yeye atamwona mamake analia wanja ukimtiririka, atacheka hadi ashike mbavu. Nilimwambia mama atazame, ndio sasa hivi. Somo aliinama, akaishika leso pindoni. Kutoka ndani ya leso sauti ikauliza, "Mama yuko wapi?"

Picha ikakatika.

Nilibonyeza tena, ikakatika pale pale. Nikafungua lililofuata, lilikuwa la sahani. Nikafungua mengine hadi yakaisha. Nilipatambua pale ilipokatika. Hapo ndipo nilipoikata video mimi mwenyewe, pale siri inapoanzia, na yote ya baada ya hapo yalikuwa ndani ya lile kasha nililolikataza kukumbuka.

Fundi hakujua lililotupata. Alikuwa bado ametazama ukuta, shingo ameikaza kwa adabu.

"Mmempata?" aliuliza. "Nisigeuke bado?"

Mama alimpakata mtoto vizuri, akaurudisha mkono wangu juu ya meza.

"Geuka tu, baba," alisema. "Mwanangu kajisitiri."