Jumamosi Tuliyomsindikiza Mgeni

Mama yangu alikuja Toronto mwishoni mwa Aprili, na kisa ni mafua yangu. Februari ile nililala siku nne na homa, peke yangu, ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, na hakuna aliyejua mpaka kazini waliponipigia kuuliza mbona sionekani. Nilipopona nikamsimulia mama kwenye simu kama kichekesho. Hakucheka. Baada ya miezi miwili alishuka kwenye ndege kutoka Morogoro, na kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi akaniuliza, "Ukiugua huku, nani anajua?"

Nikamjibu, "Mama, ngoja kwanza uone mji."

Hilo ndilo lililokuwa jibu langu kwa wiki tatu. Nilijiambia akiuona mji, atatulia. Nilikuwa na orodha: kivuko cha kwenda visiwani, soko kubwa la mjini, mnara, na juu ya yote miti ya cheri ya High Park, ambayo huchanua siku chache tu na mji mzima hukimbilia kuitazama. Nilitaka nimpige picha chini ya maua yale, aende kuwaonyesha shangazi zangu waliosema nimekuja kupotea ughaibuni.

Sasa hali ya hewa, jamani! Nilikuwa nimemwambia asibebe nguo nzito, baridi imekwisha. Siku ya pili tu theluji ikaanguka. Akasimama dirishani, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta langu, akanigeukia taratibu. "Hii ndiyo imekwisha?" Toka hapo asubuhi jua, mchana mvua, jioni upepo wa kukata masikio. Nami kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu zake hazina huruma. Kila siku nasema kesho tutatoka. Alitoka Jumapili tu, kwenda kanisani kwetu kwenye ibada ya Kiswahili, na huko alikuwa anawakodolea macho waumini mmoja mmoja mpaka nikaona aibu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Kesho yake anasafiri. Nikafungua pazia, hee, jua! Anga bluu, hakuna upepo, redioni wanasema maua ya cheri yamechanua yote. Nikaruka. Nikafunga maandazi, nikajaza chupa ya chai, mama akavaa viatu, mimi nikavaa koti. Mkono wangu uko kwenye kitasa, mlango ukagongwa.

Alikuwa mama mmoja Mkongo wa kanisani kwetu, mjane, kampita mama yangu miaka michache. Anafanya usafi kwenye maofisi, anakaa Scarborough. Alikuwa kapanda mabasi mawili kuja kumuaga mama.

Mimi nilikuwa tayari kusema tunatoka. Lakini mama alikwishavua viatu, kavisukuma kwa kisigino chini ya kochi, kakaa kama mtu aliyekaa hapo tangu alfajiri.

"Mulikuwa munatoka?" mgeni akauliza, ananitazama mimi na koti langu.

"Tutoke kwenda wapi!" mama akasema. "Huyu anasikia baridi tu. Karibu, mwenzangu, karibu."

Nikavua koti. Nikamimina chai ya safari, nikapanga maandazi ya safari kwenye sahani, nao wakayala yote. Wakaongea. Waume zao, marehemu wote wawili, walichukua saa nzima. Magoti yakachukua nusu saa. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani na kunywa chai kwa hasira.

Saa saba mgeni akanyanyuka. Nikanyanyuka kabla yake! Kama tukitoka sasa hivi, tunawahi.

"Ngoja nikusindikize," mama akasema.

Sawa, kusindikiza ni adabu. Tukamsindikiza mpaka kwenye lifti. Tukashuka naye. Tukamsindikiza mpaka kituoni. Basi likaja, mgeni akapanda, na mama naye akapanda.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Mtu kaja kwa mabasi mawili, mimi nimwache kituoni kama mzigo? Panda, unawachelewesha watu."

Haki ya Mungu, nilipanda shingo upande. High Park ni magharibi, sisi tunakwenda mashariki. Mama hana habari. Kakaa dirishani na mwenzake, wanashangaa kila kitu. "Kumbe na mto mnao!" akasema tulipovuka bonde la Don, ambako miti ilikuwa ndiyo kwanza inatoa majani. Tukampita kijana kifua wazi, kavaa kaptula. "Loo, huyu hana mama?" Tukapita foleni ndefu ya watu wazima wanangojea aiskrimu, akacheka mpaka akafuta machozi. Yaani mji wote ulikuwa kama umetolewa stoo.

Scarborough tukakuta mzee mmoja kaanika vyombo vyake vya zamani kwenye nyasi mbele ya nyumba, anauza. Mama akavamia. Akapatana bei ya birika kwa Kiswahili na vidole, mzee anajibu kwa Kiingereza na vidole, wakaelewana kabisa. Pale pale akalivua sweta langu, mara ya kwanza tangu aje, akanipa nibebe. Uso wake ulikuwa umenawiri na mimi nilikuwa bado nimenuna.

Mlangoni kwa mgeni tukaambiwa karibuni. Nani akatae? Tukala sombe, yaani kisamvu cha Kikongo, na samaki. Wakaingia chumbani wao wawili, wakakaa huko muda wakinong'ona. Tulipotoka ilikuwa saa kumi na moja, mawingu yamejaa, na mvua ikatunyeshea vizuri kituoni.

Kwenye basi la kurudi nikashindwa kujizuia, nikalia. "Umekuja mpaka Kanada, mama, hujaona hata kitu kimoja."

"Nani kakwambia?" Akanikabidhi birika nilishike, akatafuta leso. "Maua hata Morogoro yapo. Mimi Jumapili tatu nimewatazama watu wa kanisani kwenu, nani anayeweza kuamka akaja. Leo nimefika kwake nikapaona. Nimempa ufunguo wako ule wa akiba."

"Umempa nini?"

"Ufunguo. Na namba yako ya simu."

Nikamwambia huku hakuna anayempa mtu ufunguo wa nyumba! Simjui yule mama vizuri, kwa nini hakuniuliza? Niliongea kutoka Scarborough mpaka Flemingdon Park. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Nifute maji mgongoni." Kesho yake jioni akaondoka, na tuliagana vizuri, ila suala la ufunguo nililikasirikia hata yeye akiwa angani.

Wiki ya pili yake nilipiga zamu mbili mfululizo. Simu ikaisha chaji, nikaitupa kando, nikalala kama gogo. Nikaamshwa na ufunguo unazunguka mlangoni. Kabla sijapiga kelele, yule mama Mkongo alikuwa kasimama kando ya kitanda changu na sare yake ya kazi, anahema.

"Tangu jana niko naita simu yako, haujibu!"

Akaweka mgongo wa mkono wake kwenye paji la uso wangu, akaubakiza pale. Akaenda jikoni, nikasikia anatafuta sufuria.

Nilikuwa mzima kabisa, sina hata kikohozi. Sikumwambia mpaka uji ulipoiva.