Kidole cha Daktari Birika

Mama Uzi hakukaa darasani hata siku moja, lakini kichwa chake kilikuwa daftari. Ukimkosea asubuhi, jioni atakusomea kosa lako mpaka rangi ya shati ulilovaa. Na kulikuwa na kosa moja alilolisoma kila siku kwa miezi saba, akishona vifungo barazani kwa shoga yake, fundi cherehani.

Kabla ya hapo alikuwa mfagizi wa hospitali kwa miaka kumi na miwili. Korona ilipoingia na wodi ya kifua ikafurika, wenzake wengi waliingia mitini. Yeye alibaki, akaongezewa kazi ya kubeba vichupa vya damu kutoka wodini hadi maabara ya utafiti. Huko walihangaika na swali moja: kwa nini huyu akohoe siku tatu arudi kwake, na wa kitanda cha pili, umri uleule, mapafu yajae mpaka azame nchi kavu?

Kwa kuwa hakujua kusoma, aliogopa kuchanganya. Akabuni lake. Kila kichupa alikifunga uzi shingoni, mweupe kwa anayepumua mwenyewe, mwekundu kwa aliyewekewa mashine. Mafundo yalihesabu kitanda, na kila wiki ilikuwa na rafu yake ndani ya friza la maabara.

"Sweta litakwisha lini, Mama Uzi?" alimtania daktari kijana wa utafiti. Jina hilo ni yeye aliyempa.

"Likiisha utalivaa wewe, baba. Humo kwenye friza kuna baridi."

Siku hizo bado walikuwa wanacheka.

Kisha mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, akalazwa kitanda cha saba. Siku ya tisa akakata roho. Kichupa chake cha mwisho Mama Uzi alikifunga uzi mweusi, mafundo saba. Mweusi hakumfungia tena mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye aliingia maabara alfajiri na ndoo yake, akakanyaga maji. Friza lilikuwa linatiririka. Plagi yake ilikuwa chini sakafuni, na kwenye soketi yake limechomekwa birika la chai la daktari. Mama Uzi akalitupa birika pembeni, akachomeka friza. Mkono wake haujatoka kwenye plagi, daktari akaingia. Alitazama maji, akatazama birika, akalisukumia kwenye droo. Profesa, mama mkuu wa maabara, alipofika, maneno yalikuwa yameshapikwa.

"Mfagizi amechomoa friza ili adeki asipigwe na umeme. Nimemkuta mkono uko kwenye plagi."

"Mopu langu linachemsha chai?" aliuliza Mama Uzi. Hakuna aliyecheka.

Kesho yake daktari alimfuata stoo ya mafagio, sauti ya asali. "Weka kidole hapa, mama. Ni karatasi ya likizo, ukapumzike na msiba wako." Akaweka. Wiki iliyofuata mlinzi akamzuia getini na kumpa nakala. Fundi cherehani alimsomea: *Nakiri kwamba ni mimi niliyechomoa friza.*

Kufukuzwa angekumeza. Lakini kuambiwa, kwa kidole chake mwenyewe, kwamba ndiye aliyeiharibu damu ya mdogo wake! Tangu siku ile hakumwita tena daktari kwa jina. Alimwita Birika, na kila alipochoma sindano kwenye kitambaa, alijua anamchoma nani.

Mwezi wa saba tangu afukuzwe, adhuhuri, Birika akaja barazani kwa miguu yake, Profesa mbele.

"Shikamoo, mama."

Mama Uzi aliiacha shikamoo ikining'inia. "Tangu lini mfagizi anaamkiwa? Leo chai imekuishia?"

Profesa alieleza. Friza lilikuwa limezimika saa chache tu, na damu ilirudi kwenye baridi kabla ya kuoza. Kinga za mwili zilizomo bado zingeweza kupimwa. Lakini walipovitoa juzi kuvipima waliona kwamba daktari alikuwa ameandika vichupa kwa kalamu ya kawaida, na maji yameosha kila kitu. Vichupa mia moja na kumi na viwili havijulikani ni vya nani. Kilichobaki ni nyuzi.

"Bila wewe tunavitupa vyote," alisema Profesa.

"Na cha kitanda cha saba?"

"Hicho pia."

Mama Uzi alikata uzi kwa meno. Muda wote huo alikuwa ameomba siku ya kumnyima Birika kitu, na sasa angemnyima, wangemtupa mdogo wake jalalani. Basi kisasi kingetafuta mlango mwingine.

"Nitakuja kesho, wafagizi wakiwa getini. Birika ataandika kwenye karatasi nani alichomoa friza. Shoga yangu ataisoma kwa sauti. Na sitaki saini yake."

"Unataka nini?" aliuliza daktari.

"Kidole."

Profesa akageuka taratibu. "Birika gani hilo, daktari?"

"Nitaandika," daktari aliviambia viatu vyake.

Asubuhi fundi cherehani alisoma karatasi kwa sauti ya kuuza samaki, na pale palipoandikwa *birika langu* alirudia mara mbili, kwa faida ya waliochelewa. Daktari akachovya dole gumba kwenye wino mbele ya mlinzi yuleyule. Mama Uzi alimshika mkono, akaukandamiza mwenyewe.

"Bonyeza, baba. Ni karatasi ya likizo."

Kisha akaingia maabara, akavisoma vichupa kimoja kimoja, Profesa akilinganisha na daftari la wodi. Alipofika kwenye uzi mweusi aliyahesabu mafundo mara mbili. "Kitanda cha saba. Mdogo wangu. Andika wewe, Birika, kwa kalamu isiyofutika." Daktari akaandika, dole gumba bado jeusi.

Kazi walimrudishia. Karatasi aliibandika kwa gundi juu ya ile soketi, na kila asubuhi huifuta vumbi kabla hajagusa kitu kingine.

"Lakini alikuomba msamaha, shoga?" fundi cherehani alimuuliza.

"Aliomba."

"Ukamsamehe?"

"Hilo," alisema Mama Uzi, "halikuwemo kwenye karatasi."