Leso Iliyombeba Mbwa

Leo nimekunjua leso kuukuu ya mama, na manyoya ya mbwa wetu bado yamenasa kwenye pindo.

Mbwa huyo alikuwa amepasuliwa goti kwa daktari wa mifugo kule Karen. Majirani zetu wa Dagoretti walikuwa wamemshauri mama amuue tu, mbwa kilema wa nini? Mama akatoa leso aliyotubebea sisi wote mgongoni, akaipitisha chini ya tumbo la mbwa, akashika ncha zote mbili, wakatoka ili mbwa ajifunze kutembea tena. Mimi nilitangulia nikiondoa mawe njiani, kifua mbele.

Mbele ya bucha watu waliangua kicheko. "Wee mama, leso ya watoto unabebea mbwa?" mwenye bucha akauliza.

Mama hakusimama. Kila asubuhi tulipita pale pale, wakacheka.

Halafu siku moja, mbele yao, akaiachilia leso. Mbwa akayumba, akakanyagia ule mguu uliopasuliwa, akaenda zake. Kicheko kikakatika.

Mama akaikung'uta leso, akajifunga kiunoni, akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi ndani ya bucha, "Ita ndugu yako, twende nyumbani."